Tukinunua kikapu, tulipe na saa za mama

Nembo ya Taifa ya Kenya ina ngao na mikuki. Ya Uganda vivyo hivyo. Ya Burundi ina mikuki mitatu iliyopishana nyuma ya ngao, ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina mkuki kando ya kichwa cha chui, na hii yetu Watanzania ina mkuki ndani ya ngao, pamoja na shoka na jembe. Rwanda ilipobadilisha nembo yake mwaka 2001 iliweka ngao mbili pembeni, lakini katikati ikaweka kikapu chenye mfuniko. Wenyewe wanakiita agaseke.

Kwa miaka kadhaa sasa naripoti habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nimekaa kwenye vikao vingi vya reli, bandari, forodha na vibali vya kazi. Sikumbuki kikao hata kimoja ambapo kikapu kilizungumzwa. Huonekana tu siku ya mwisho, kikiwa kimewekwa mezani kama zawadi ya mgeni rasmi, picha zinapigwa, tunaondoka. Leo nataka kukizungumza, kwa sababu naamini kimebeba jambo ambalo Jumuiya yetu haijalipa uzito: kazi ya mama, na namna tulivyozoea kuichukua bure.

Agaseke husukwa na wanawake. Msusi huchukua fungu dogo la nyasi, akalizungusha kama nyoka aliyejikunja, kisha akalifunga kwa uzi wa katani akitumia sindano, mzunguko juu ya mzunguko, hadi kikapu kisimame na kupata mfuniko wenye ncha kama paa la msonge. Kwa desturi mama humsukia binti anayeolewa. Hadi leo kwenye harusi za Kinyarwanda utaona wasichana wakiingia wamevibeba vikapu hivyo kichwani, zawadi zikiwa ndani. Mfuniko nao una maana yake. Binti anatoka kwao na kitu kilichofunikwa: zawadi, lakini pia siri za nyumba na maneno aliyoambiwa na wakubwa wake ambayo si ya kila mtu. Watu wa pwani, wanaojua kazi ya somo na kungwi, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kikapu hiki kilipata kazi nyingine. Vijijini walibaki wajane waliouawa waume na watoto. Walibaki pia wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani kwa kushiriki kuua. Vikundi vya ususi viliwaweka kwenye mkeka mmoja. Janet Nkubana na Joy Ndungutse, ndugu wa tumbo moja waliokulia ukimbizini Uganda, walianzisha kampuni ya Gahaya Links na kutafuta soko nje, na kuanzia mwaka 2005 vikapu vya Rwanda vikauzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Wateja wa huko wakavijua kama vikapu vya amani.

Habari hiyo imesimuliwa sana, na mara nyingi inasimuliwa na muuzaji. Kikapu kinaponya, wanasema. Sina sababu ya kubisha, ila ningependa tuangalie kinaponya kwa njia gani, maana hapo ndipo penye somo. Ususi hukalisha watu ubavu kwa ubavu. Macho yako kwenye kazi, mikono ina shughuli, na mtu hajalazimika kumtazama mwenzake usoni. Unaweza kunyamaza saa nzima na hakuna atakayeona umenuna. Ukisema neno gumu, halikupokewa kwa macho, limeangukia kwenye nyasi. Mahakama haiwezi kukupa hilo, wala semina ya usuluhishi yenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara.

Kwetu Pangani, bibi mzaa mama alikuwa msusi wa ukili. Mambo mazito niliyoyasikia utotoni yalisemwa juu ya ukili: mimba ya nani imeharibika, nani kaachwa, binti gani aangaliwe kwa karibu. Bibi hakumwita mama chumbani kumpa nasaha. Alimsogezea fungu la chane, wakaanza kusuka, na baada ya muda maneno yakaja yenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa kuokota mabaki ya ukindu, hivyo hakuna aliyeona haja ya kunifukuza.

Kwa wasioijua kazi hiyo: makuti machanga ya mkindu yanakatwa, yanaanikwa, yanachanwa kuwa nyuzi nyembamba za upana mmoja, nyingine zinachemshwa na rangi. Ndipo ukili unaposukwa, mrefu kama utepe, ukipimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukishafika pima za kutosha, unashonwa kuwa mkeka. Mkeka huo huo hukaliwa na wageni wa harusi, hulazwa mtoto mchanga, na maiti hapelekwi makaburini bila mkeka. Sijui kifaa kingine cha nyumbani kinachokutana na mtu katika hatua nyingi za maisha namna hiyo.

Kongo ina mfano unaonivutia kuliko yote. Wakuba wa Kasai wana kitambaa cha rafia ambacho wanaume hukifuma kwenye kitanda cha mfumi, na wanawake hukitarizi. Sketi ya sherehe ya mwanamke wa Kikuba ina urefu wa mita kadhaa, na si kazi ya mtu mmoja. Hushonwa kwa vipande vingi, na kila kipande kinaweza kuwa kimetariziwa na mkono tofauti: mama, binti, shangazi, mke wa ndugu. Ukiitazama kwa makini unaona ruwaza zinavyobadilika njiani, hapa mkono uliokomaa, pale mkono wa anayejifunza, na hakuna anayeona aibu. Wakuba huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na sketi kama hiyo huwa mali ya kundi la ukoo. Mwanaukoo akifa, nguo za namna hiyo ndizo anazovishwa kwa maziko. Kwa maneno mengine, ni familia nzima imeandikwa kwenye kitambaa, pamoja na makosa ya wadogo.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikuwa na vitambaa vya Kikuba, akavitundika ukutani alikofanyia kazi. Jina lake linajulikana dunia nzima. Waliotarizi, kwenye vibandiko vya makumbusho, wanaitwa kwa neno moja tu: Kuba.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Ukitaka kujua kwa nini ususi wa mkono umekuwa kazi ya akina mama karibu kila upande wa kanda hii, acha kwanza habari za mila, tazama kazi yenyewe. Ni kazi inayokubali kukatizwa. Mtoto akilia, ukili unawekwa chini, na ukirudi unaukuta pale pale ulipouacha. Maji yakichemka, vivyo hivyo. Mwenye kuchoma vyungu hawezi kuuacha moto nusu. Mchoma chapati akigeuka, imeungua. Lakini kikapu kinangoja. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba walijulikana kwa kusuka kiondo hata wakitembea, kazi ikiwa mikononi na mzigo mgongoni. Ususi ulijifunza ratiba ya mama, ukajibana ndani ya nafasi zilizobaki kati ya kunyonyesha, kupika na kulima.

Na hapo hapo ndipo soko lilipopata sababu ya kumpunja. Kwa kuwa kazi imefanyika kwenye nafasi zilizobaki, mnunuzi anaihesabu kama mabaki. Si alikuwa amekaa tu? Si alikuwa anazungumza na binti yake? Si wao wanafurahia? Nimelisikia swali hilo likiulizwa na mtalii, nimelisikia likiulizwa na mfanyabiashara wa Kariakoo, na la kusikitisha zaidi, nimelisikia kwa wenye vyama vya ushirika wenyewe.

Tupige hesabu ya kawaida. Tuseme kikapu kimoja cha wastani kinamchukua mama siku sita, kila siku saa nne za kuunganisha hapa na pale. Hizo ni saa 24. Tuseme anakiuza kwa mchuuzi kwa Sh15,000, na ukindu na rangi vimemgharimu Sh3,000. Amebakiwa na Sh12,000, sawa na Sh500 kwa saa, fedha ambayo haimpandishi daladala Dar es Salaam hata safari moja. Kikapu hicho kikishatiwa mikanda ya ngozi na kufika kwenye duka la hoteli, bei yake mnaijua wenyewe. Aliyeongeza ngozi amelipwa kwa kazi yake, aliyepanga rafu amelipwa, dereva amelipwa. Saa za mama ndizo pekee zilizoingia kwenye bei kama zawadi.

Upendo kati ya mama na binti umegeuzwa kuwa punguzo la bei. Ndivyo ninavyoona, na sitafuti neno la kulainisha.

Matokeo yake yako wazi kwa yeyote anayetembelea vikundi hivi. Wanaokaa kwenye mkeka wana nywele nyeupe. Mabinti hawapo. Mama yangu mzazi alijua kusuka, akawa mwalimu, akaacha. Dada zangu hata kuanzisha ukili hawawezi. Hakuna aliyewakataza. Waliona bibi analipwa nini, wakaamua.

Najua kuna wasomaji watakaosema ni heri, binti aende shule, awe mhandisi, kusuka kumfunge nani. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Sitaki mtoto wa mtu afungiwe kwenye ukindu ili mimi nipate picha nzuri ya gazeti. Ila mtoto wa fundi seremala anapoacha useremala tunasema ameacha biashara. Mtoto wa msusi akiacha ususi tunasema ameendelea. Hiyo tofauti imetoka wapi? Useremala ulikuwa na bei. Na pia, pamoja na kazi kuondoka, ile shule ya ubavu kwa ubavu imeondoka nayo. Mama na binti wa leo wanazungumza kwa ujumbe wa simu, na yapo mambo ambayo hayaandikiki.

Wakati huo huo, kitu ambacho huku tunakiona cha wazee kinapewa heshima kwingine. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake la Taifa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ikapewa na majaji tuzo ya kutajwa kwa heshima. Mmoja wa wasanii wawili waliokuwa kwenye banda hilo ni Acaye Kerunen, ambaye hutengeneza kazi kubwa za kuning'inia na kusimama kwa rafia, nyuzi za migomba na magome ya mti, akishirikiana na wanawake wasusi wa vijijini Uganda. Wazo lake naliheshimu sana: mikeka na vikapu si malighafi ya msanii, ni sanaa tayari, na waliovisuka ni wasanii. Iwapo Venice imeweza kuliona hilo, Arusha inashindwaje?

Arusha haishindwi kuzungumzia nguo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi zetu walikubaliana kuachana na mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikakunja uso, wenzetu wakarudi nyuma mmoja mmoja, Rwanda ikabaki na kodi yake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo chini ya mpango wa AGOA. Kalamu nyingi zilikauka wino kwa jambo hilo, ikiwamo yangu. Mjadala wote ulikuwa wa viwanda. Mikono haikuwamo.

Fursa kubwa zaidi ilipita mlangoni kwetu, tena tuliifungua wenyewe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Nchi tatu jirani, mamilioni ya watu wanaokwenda sokoni kila siku, ghafla hawana mfuko. Tulikuwa na kiondo, tulikuwa na vikapu vya milulu vya Iringa, tulikuwa na vikapu vya ukindu pwani yote, kazi za akina mama ambao wanajua kusuka usingizini. Kilichojaza pengo ni ile mifuko mbadala ya kiwandani, ya rangirangi, inayochanika shikio kabla hujafika stendi. Sijasikia serikali iliyokaa na vyama vya wasusi kabla ya siku ya marufuku kuuliza: mnaweza kutoa vikapu vingapi kwa mwezi, mnahitaji nini, bei gani itawalipa? Zuio lilichukuliwa kama jambo la mawaziri wa mazingira. Wa viwanda na wa maendeleo ya wanawake walikuwa wapi?

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Novemba 30, 1999, unazo ibara mbili kamili, ya 121 na ya 122, zinazohusu nafasi ya wanawake katika maendeleo na biashara. Maneno yake ni mazuri. Upo pia utaratibu wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo uliotengenezwa ndani ya Jumuiya, usiozidi thamani ya dola 2,000, kuvuka mpaka bila kupitia mlolongo wa karatasi wa wakubwa. Dola 2,000 ni vikapu vingi sana. Swali ni mama gani wa Iringa au wa Makueni ameambiwa jambo hilo, kwa lugha gani, na nani. Maofisa wa mipakani wana mabango. Wasusi hawaishi mipakani.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri itifaki mpya. La kwanza ni jina. Nikiwa soko la Kimironko, Kigali, nilisimama kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa na vikapu kama thelathini. Alivijua vyote kwa mkono: hiki cha mama mkwe, hiki cha wifi yake, kile cha jirani mwenye mapacha ambaye siku hizi hukaza uzi kupita kiasi. Kwenye kibandiko, hata hivyo, paliandikwa jina la nchi tu. Nilipomuuliza kwa nini majina hayapo, alicheka. Hajawahi kuulizwa na mnunuzi. Kuandika jina la aliyesuka, kijiji chake na siku zilizotumika hakuhitaji mfadhili, kunahitaji kalamu. Mnunuzi akishasoma kwamba kitu kilimchukua mtu siku tisa, kupunguza bei kunakuwa kugumu mdomoni.

La pili ni vyama kukubaliana bei ya chini inayoanzia kwenye saa. Ya nyasi na rangi ije baadaye. Itapunguza wateja wa haraka, na sioni hasara, maana mteja wa Sh15,000 ndiye aliyewafukuza mabinti. Na vikundi vinapojengewa banda, viongozi wanapenda kukata utepe mbele ya bango. Wakumbuke kuweka kona ya watoto yenye kivuli na mtu wa kuwatazama. Mama aliyemwacha mtoto mahali salama anasuka kwa saa nne mfululizo. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukisifu uvumilivu wake badala ya kumpunguzia mzigo.

La mwisho liko karibu nami zaidi. Kwenye mikutano mingi ya kikanda, washiriki na waandishi hupewa mkoba mlangoni: kitambaa cha nailoni, zipu mbovu, nembo ya mkutano. Ndani kuna kalamu, daftari na hotuba kuhusu kuthamini bidhaa zetu. Mkutano mmoja wa watu 300 ni oda ya vikapu 300, na mikutano kwa mwaka haihesabiki. Kamati zinazoandaa zina bajeti, zina muda wa miezi, na tarehe zinajulikana mapema. Mkutano ujao nitapokea wangu kama kawaida, kisha nitaugeuza ndani nisome kibandiko, nione umetengenezwa wapi.